Mzazi anayelea pekee: Namna ya kuikimu familia kwa mapato finyu

TAKRIBAN theluthi moja ya familia nchini Kenya huongozwa na wanawake. Si wote kati yao walio wazazi wa pekee, kwa maana wapo ambao waume wao wamekwenda mijini au ng'ambo kutafuta riziki. Kwa upande mwingine, wapo akina baba wanaolea watoto bila mke, ambao hawamo katika hesabu hiyo. Awe mjane, aliyetalikiwa, aliyeachwa au ambaye hakuwahi kuolewa ama kuoa, mzazi wa aina hii hukabiliwa na tatizo moja: mshahara ni mmoja, nao matumbo ni mengi.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu fedha haukuandikwa kwa ajili yake. Mathalani, kuna kanuni maarufu iliyotoka Marekani, ikasambazwa na Elizabeth Warren na bintiye katika kitabu chao cha mwaka 2005, inayotaka nusu ya mapato iende kwa mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwa mambo ya kujifurahisha na asilimia 20 kwa akiba. Mzazi wa Kayole au Kisauni akiisikia kanuni hiyo atacheka. Kwake yeye mahitaji ya lazima humeza karibu kila kitu, na swali lililopo ni lipi kati ya hayo ya lazima litasubiri.

Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wawili, mmoja Gredi ya 4 na mwingine Gredi ya 8, ambaye ameajiriwa kwa mshahara wa Sh20,000. (Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi kilipandishwa Novemba 2024 hadi Sh16,113.75 bila posho ya nyumba, hivyo mama huyu si maskini wa kutupwa.) Kabla hajaushika mshahara huo, hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, yaani Sh550, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani Sh300. Na asilimia 6 ya hazina ya NSSF, yaani Sh1,200. Kwa kuwa kinachobaki ni chini ya Sh24,000, halipi kodi ya mapato. Anaingia nyumbani na Sh17,950. Hicho ndicho kiasi anachopaswa kukipangia. Wengi hupanga kwa kutumia ile 20,000 iliyo kwenye barua ya ajira, kisha tarehe 20 wanashangaa pesa zimekwenda wapi.

Tuseme chumba chake ni Sh5,000. Chakula akitengee Sh6,500, nauli Sh2,000, umeme, maji na moto wa kupikia Sh1,500, mambo ya shule Sh1,500, na akiba au chama Sh700. Zimesalia Sh750 za sabuni, dawa ya maumivu, vocha ya simu, sadaka na mchango wa matanga. Hesabu imetimia, lakini hakuna pengo hata la kupenyeza sindano. Mtoto akiraruka kiatu, hesabu nzima inavurugika.

Ndiyo sababu jambo la kwanza ni daftari. Daftari la Sh20 na kalamu vinatosha, na kila shilingi inayotoka iandikwe siku iyo hiyo, kwa muda wa mwezi mmoja au miwili. Anayetumia M-Pesa anaweza kuagiza taarifa ya miamala yake na kuiona miezi sita iliyopita. Aghalabu mtu hugundua kwamba kinachommaliza ni vitu vidogo ambavyo havikumbuki: ada za kutuma na kutoa pesa, mkopo wa salio la simu unaokatwa asilimia 10, chai na mandazi vya kazini, na bodaboda aliyoipanda kwa kuwa alichelewa kuamka.

Chakula ndicho fungu ambalo mzazi ana uwezo mkubwa zaidi wa kulisukuma huku na huko, kwa kuwa mwenye nyumba hapunguzi kodi. Sh6,500 kwa mwezi ni kama Sh216 kwa siku, kwa watu watatu. Kiasi hicho kinawezekana iwapo msingi wa chakula ni mahindi, maharagwe, ndengu, sukuma wiki, omena na mayai ya hapa na pale, nayo nyama iwe ya siku maalumu. Mahindi ya gorogoro yaliyosagwa kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hutoa unga wa bei nafuu kuliko ule wa pakiti, na huwa na virutubisho zaidi maadamu hayakukobolewa. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na yakichemshwa mengi kwa mara moja hupikwa siku tatu kwa mapishi tofauti. Hapo mzazi ameokoa makaa, gesi na saa zake mwenyewe, na saa ni mali adimu kwa anayelea peke yake.

Kuna ule mtindo wa kununua kidogo kidogo, uitwao uchumi wa kadogo: mafuta ya kupima, robo ya sukari, majani ya chai ya pakiti ndogo. Wataalamu huulaani, na kwa hesabu tupu wana haki. Mafuta ya kupima ya Sh20 kila siku ni Sh600 kufikia mwisho wa mwezi, na aliyeyanunua kwa lita huwa amepata mengi zaidi kwa pesa hizo hizo. Hata hivyo, anayenunua kadogo si mjinga. Analipwa kwa siku, na hana Sh600 kwa pamoja. Fauka ya hayo, mafuta yaliyojaa kwenye chupa humwagwa kwa ukarimu sufuriani, na gunia la mahindi lisilohifadhiwa vyema huishia kwa dumuzi. Njia ya kati ni kuchagua vitu viwili au vitatu visivyoharibika upesi, tuseme sabuni, chumvi na maharagwe, na kuvinunua kwa wingi siku ya mshahara. Majirani wawili au watatu wanaweza pia kuchanga na kugawana mtungi wa mafuta wa lita 20. Mengine yaendelee kununuliwa kwa mama mboga, ambaye isitoshe ndiye atakayekukopesha sukuma tarehe 27.

Kuhusu umeme, tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa hutozwa nyumba ambazo matumizi yake hayazidi yuniti 30 kwa mwezi. Nyumba ya balbu tatu, redio na simu inaweza kukaa ndani ya kiwango hicho; yenye pasi ya kila siku na jagi la kuchemshia maji haiwezi.

SHULE

Makala kuhusu karo huchapishwa Januari, wakati wazazi wamekwisha kukwama na mwezi umekwisha kubatizwa Njaanuari. Wakati wake hasa ni Agosti au Septemba. Masomo ya msingi katika shule za umma hayana karo tangu mwaka 2003, na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inakataza shule za umma kutoza ada ya masomo. Hata hivyo mzazi anajua kwamba kuna sare, vitabu vya mazoezi, chakula cha mchana na michango isiyoisha. Zile Sh1,500 za kila mwezi katika mfano wetu hufika Sh18,000 kwa mwaka. Zikitumiwa zote kila mwezi hakutabaki kitu cha Januari. Zikiwekwa kando, hata nusu yake tu, kuna Sh9,000 za kuanzia.

Mtihani mkubwa uko mbele, yule wa Gredi ya 8 atakapofika Gredi ya 10 baada ya miaka miwili. Karo iliyotangazwa na serikali kwa shule za bweni za ngazi ya kaunti imekuwa Sh40,535 kwa mwaka, na utaratibu wa Wizara ya Elimu umekuwa kuigawa kwa uwiano wa 50:30:20 kwa mihula mitatu. Maana yake ni kwamba zaidi ya Sh20,000 hutakiwa muhula wa kwanza, kiasi kinachozidi mshahara mzima wa mama huyu wa mwezi. Shule ya kutwa, ambayo serikali huigharimia Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, haina fahari ya bweni lakini haivunji nyumba. Uamuzi huu ufanywe mapema, tena pamoja na mtoto, kabla hajajaza chaguo la shule. Ni ukatili kumwacha mtoto aitwe shule ya kitaifa ndipo aambiwe haiwezekani.

Fomu za basari, ziwe za kaunti au za wafadhili, huhitaji stakabadhi zile zile: nakala ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, orodha ya karo kutoka shuleni, na mara nyingi barua ya chifu inayothibitisha hali ya familia. Mjane aambatanishe cheti cha kifo. Mwenye kuziweka karatasi hizi katika bahasha moja huwa wa kwanza kwenye foleni; asiye nazo hufika siku ya mwisho akiwa na maelezo marefu.

UGONJWA

Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya NHIF ilirithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo wa familia yake na kulipa kwa mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mkupuo. Kwa anayefua nguo za watu mkupuo huo ni mzito, na bora kuutengea Sh70 kila wiki kuliko kuungojea. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo hugharimiwa na serikali kwa aliyejisajili, hata kama hajalipa mchango. Kujisajili ni bure kupitia *147#. Hakikisha kila mtoto ameandikishwa kama mtegemezi wako, kwa sababu kadi ya mzazi haimfuniki mtoto ambaye jina lake halimo.

MADENI YA SIMU

Hapa ndipo familia nyingi za mzazi mmoja zinapozama. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana ndogo: ukikopa Sh2,000 unarudisha Sh2,150. Lakini anayekopa kiasi hicho kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa Sh1,800 kwa kuazima pesa ambazo ni zile zile. Mkopo wa sacco kwa kawaida hutozwa riba ya karibu asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua.

Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ina mtego wake wa pekee. Mbali na ada ya asilimia 1 na ile ya kila siku, deni hujilipa lenyewe kutoka kwa pesa yoyote itakayoingia. Mjomba akituma Sh1,500 za karo, nawe una deni la Sh1,200, karo imekwenda kabla hujaiona. Mwenye deni la namna hiyo na amwombe mjomba alipe moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya shule.

Anayelazimika kukopa aanze na chama, kisha sacco, kisha mfuko wa Hustler ulioanzishwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na programu nyingine za simu ziwe za mwisho. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia jamaa na marafiki zako ili kukuaibisha. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, mradi apate wadhamini. Hapo tahadhari: mzazi wa pekee asiwe mwepesi kumdhamini mwenzake, kwa maana mkopaji akitoroka, akiba ya watoto ndiyo itakayokatwa.

MZAZI WA PILI

Kubana matumizi kuna kikomo, ilhali katika nyumba nyingi kuna mapato ambayo hayadaiwi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba jukumu la kumtunza mtoto ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelitilia nguvu. Akina mama wengi hawadai kwa kuona haya, kwa kuogopa ugomvi, au kwa kuamini kwamba lazima wawe na wakili. Kuna pia wenye sababu nzito, hasa waliokimbia kipigo, na hao hawapaswi kushinikizwa wamrudie mtu kwa ajili ya karo.

Kwa wengine, hatua ya kwanza ni afisi ya watoto ya kaunti ndogo, ambako afisa huwaita wazazi wote wawili na kujaribu kuwapatanisha bila malipo. Wakielewana, makubaliano huandikwa na kutiwa sahihi. Wasipoelewana, shauri huenda katika mahakama ya watoto mbele ya hakimu. Kila mzazi hutakiwa kueleza kwa kiapo mapato na matumizi yake. Hapo lile daftari, stakabadhi za shule na hospitali, na taarifa za M-Pesa huwa ushahidi. Madai ya "natumia pesa nyingi" hayamsaidii hakimu. Anayekana mtoto anaweza kuamriwa apimwe DNA. Anayekaidi agizo la kutoa matunzo na ana ajira anaweza kukatwa mshahara.

Agizo hilo linaweza kurekebishwa. Mtoto akipanda daraja la shule, akipata maradhi ya kudumu, au mzazi mmoja akipoteza kazi, yeyote kati yao ana ruhusa ya kurudi mahakamani kuomba kiasi kiongezwe au kipunguzwe. Asiyejua afisi ya watoto iliyo karibu naye apige nambari 116, ambayo hupokea simu bila malipo usiku na mchana.