Tulitaka Caribbean, Tukaangukia Ziwa la Nyumbani

Wasee, kwanza niwape rada. Mmoja wa mbogi yetu anaondoka Januari kwenda Qatar kazi, mkataba wa miaka miwili. Tuko watano, tumejuana tangu Kaptembwo, wakati viatu vya shule vilikuwa vinacheka mbele. Tukasema kabla aende lazima tulale mahali penye maji pande zote. Usiku mmoja, labda miwili. Basi mtu akatupia video ya Barbados kwenye grupu, mchanga mweupe, maji kama ya kuchorwa, na kwa wiki moja hatukuongea kitu kingine.

Na si ujinga vile unadhani. Mkenya haombi viza kwenda Barbados wala Jamaica. Tulisherehekea hiyo habari kama dakika kumi hivi. Halafu tukagundua hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Unapitia Ulaya au Marekani, na huko wanaweza kukudai viza hata kama unabadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani. Nauli nayo? Ya mtu mmoja ilimeza pesa yote tuliyochanga watano tangu Machi. Ndoto ikaisha.

Lakini mimi nina shida moja. Niliacha chuo mwaka wa pili, ila tabia ya kufukua mambo ya kale haikuniacha. Nikaanza kusoma hiyo Barbados yenyewe. Wale watu weusi unaona wakicheka kwenye video, mababu zao walipelekwa pale kwa minyororo kulima miwa. Waingereza walitangaza mwisho wa utumwa 1834, kisha wakawashikilia watu mashambani kwa jina lingine hadi 1838. Yaani kwa karne mbili hicho kisiwa kilikuwa kazi tupu. Kupumzika kulikuwa kwa mwenye shamba, juu kwenye baraza yake. Na kuna hii ya kushangaza kidogo: Barbados ilimwondoa Malkia wa Uingereza na kuwa jamhuri tarehe 30 Novemba 2021. Kesho yake, Desemba 1, Nakuru yetu ikapewa hati ya kuwa jiji. Sijui maana yake ni nini. Nimependa tu.

Hapo ndipo swali likaniingia na limekataa kutoka. Hii kitu ya kwenda kisiwani kupumzika, kwetu ilianza na nani? Nani alikuwa anaenda, na nani alikuwa anabeba mizigo?

Mtu wa pili akasema twende Lamu. Sawa, Lamu ni tamu, lakini ukienda kwa ndege, unashukia kisiwa kingine, Manda, halafu unavuka kwa boti. Watalii wanapiga picha wakiwa Manda, na kuna hoteli pale ambazo hata sitazitaja bei. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilikuwa na kambi ya kizuizini hapo hapo Manda. Mwandishi Gakaara wa Wanjau alifungiwa kule. Alikamatwa 1952, akaandika kumbukumbu zake kwa Gikuyu, na kitabu hicho kikashinda tuzo ya Noma mwaka 1984. Na si Manda peke yake. Kwa Ziwa Victoria kulikuwa na kambi kwenye visiwa vya Mageta na Saiyusi, za wale walioitwa vichwa ngumu. Ukifikiria, ni akili ya kikatili kabisa: mtu wa milimani hajui kuogelea, mweke kisiwani, maji yatafanya kazi ya askari.

Nakuru inaingia hapa pia. J.M. Kariuki, yule aliyeuawa 1975, alizaliwa Kabati-ini, hapa karibu tu, kwa wazazi waliokuwa maskwota kwenye shamba la mzungu. Mwaka 1953 alikuwa na hoteli yake hapa Nakuru. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ana biashara yake, watu wanakuja kula. Wakamkamata, na akazungushwa kambi moja hadi nyingine kwa miaka saba. Kwa hiyo kwa watu wa umri wetu wa wakati ule, ukiambiwa unapelekwa kisiwani hukuwa unauliza kama kuna wifi.

Nikaandika haya yote kwenye grupu. Jibu nililopata: "Bro, tulikuwa tunaongea mahali pa kulala." Fair.

Wa tatu akaleta Baringo, na hapa nikasimama kidogo kwa sababu Baringo ina hadithi tofauti kabisa. Ukitoka Nakuru unapita Mogotio, unashuka Marigat, joto linakupiga usoni, unafika Kampi ya Samaki. Katikati ya ziwa kuna visiwa, na kikubwa ni Ol Kokwe, chenye chemchemi za maji moto na watu wanaoishi pale, Wailchamus. Watu wa pwani waliwaita Njemps.

Sasa sikia. Miaka ya 1800, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa inakatiza nchi ya Wamaasai kutafuta pembe za ndovu. Miezi njiani. Njaa, kiu, kulipa ushuru kila mahali. Na mahali walipokuwa wanaota kufika ni upande wa kusini wa Ziwa Baringo, juu Wailchamus walikuwa na mifereji ya kumwagilia mashamba, wakivuna mtama na wimbi, na walikuwa tayari kuuza. Msafara unafika, unapiga kambi, wagonjwa wanapona, watu wanabadilisha shanga, waya na nguo kwa nafaka, kisha wanaendelea kaskazini au magharibi. Joseph Thomson, Mskoti ambaye jina lake liko kwa maporomoko ya Nyahururu na kwa swala pia, alipita huko 1883. Vitabu vya shule vinamwandika kama aliyefungua njia. Manze, alifuatana na msafara wa mfanyabiashara wa pwani, Jumbe Kimameta, ambaye tayari alikuwa anaijua hiyo njia. Ni kama mtu akuje Nakuru leo na mathree, ashukie stendi, aseme amegundua barabara ya Nairobi.

Sisi siku hizi tunadhani mapumziko yako pwani. Miaka mia moja na arobaini iliyopita, mtu wa pwani alikuwa anatembea mamia ya kilomita akiota kupumzika kwetu. Hiyo ilinifurahisha sana, na nikapiga kura Baringo.

Tatizo ni maji. Tangu karibu 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na kufika 2020 Baringo ilikuwa imemeza nyumba, shule na hoteli. Hata twiga walikwama. Mwaka 2011 walikuwa wameletwa twiga wa Rothschild kwenye rasi ya Longicharo, hifadhi ya Ruko, ambayo jamii za Wapokot na Wailchamus waliianzisha pamoja. Maji yakapanda, rasi ikawa kisiwa, kisiwa kikazidi kuwa kidogo. Ikabidi watengeneze jahazi la chuma, na Desemba 2020 wakamvusha wa kwanza, mmoja anayeitwa Asiwa, amesimama kama abiria. Wa mwisho alivuka Aprili 2021. Wote tisa. Tafuta video, utalia.

Tukabaki na Naivasha. Vasha! Najua unachofikiria: rally, sherehe, mtu amelala kwa boneti. Lakini Naivasha ina Crescent Island, mwezi mchanga wa ardhi, ambao ni ukingo wa kreta ya zamani uliobaki juu ya maji. Ziwa likipungua unafika pale kwa miguu. Likijaa ni kisiwa kamili. Kutoka Nakuru ni kama kilomita sabini. Unaamka, unakunywa chai, unaenda.

Na historia ya kupumzika pale? Inauma. Ardhi yote ya pembeni, kutoka Naivasha hadi Nakuru, ilikuwa malisho ya Wamaasai. Hata jina linatoka kwa Kimaasai, maji yanayochafuka. Reli ilipopita, walowezi wakaitaka. Agosti 1904 Waingereza wakaandikiana mkataba na Olonana na viongozi wengine, Wamaasai wakahamishwa, wengine kaskazini Laikipia, wengine kusini. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 wakaandikiwa mwingine, walio Laikipia wakasukumwa kusini, na walipoenda kortini 1913 kesi ikatupwa.

Baada ya hapo ndipo ziwa likawa mahali pa raha. Miaka ya 1920 mtu mmoja anaitwa Ramsay-Hill akajenga kando ya maji jumba linaloitwa Djinn Palace, na ule umati wa Happy Valley wakafanya ya kwao pale, kubadilishana waume na wake, mpaka Lord Erroll, aliyekuwa amemchukua mke wa mwenye nyumba, akapigwa risasi karibu na Nairobi 1941. Samaki aina ya bass waliletwa kutoka Marekani ili watu wapate mchezo wa kuvua. Kutoka 1937 ndege za Imperial Airways, zile zinazotua majini, zilikuwa zinatoka Southampton na kushuka juu ya Ziwa Naivasha. Fikiria hiyo picha. Abiria anatoka Uingereza hadi katikati ya Bonde la Ufa, anashuka kwa boti, anaenda kunywa chai. Kumbe mwanamume Mwafrika aliyembebea begi hakuruhusiwa kutembea bila kipande, karatasi kwenye kikopo cha chuma, ya kuonyesha yeye ni mfanyakazi wa nani. Walianza kuwavalisha watu hicho kitu baada ya vita vya kwanza.

Safari moja ilikuwa ya maili elfu kadhaa, nyingine ya kutoka shamba moja hadi la jirani. Ya pili ndiyo ilihitaji ruhusa.

Niliuliza shosho wangu. Alifanya kazi kwa shamba la maua pale Naivasha kuanzia 1983, miaka kumi na moja, akikata na kufunga. Alilala kwa nyumba za wafanyakazi na ziwa alikuwa analiona kila asubuhi. Nikamwuliza kama aliwahi kufika Crescent Island. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Kile kisiwa cha wazungu? Nikafanye nini?"

Siku ya mapumziko ilikuwa Jumapili, akaniambia, na Jumapili ni kanisa na kufua. Miaka kumi na moja kando ya maji na hajawahi kupanda boti. Hakuna aliyemkataza, hapo ndipo nilikwama. Kipande kilikuwa kimekwisha zamani, hakukuwa na askari mlangoni. Lakini karibu kila njia ya kwenda majini ilipita shambani au hotelini kwa mtu, na hakuna siku yeyote alimwambia yeye pia anaweza kwenda kukaa tu. Ukikaa sana mahali kama mfanyakazi, hata ukiwa na nauli mfukoni, macho yako yanazoea kuangalia ziwa kama ukuta.

Sasa yule beste wetu wa Qatar. Mama yake alihamia Naivasha kwa kazi hizo hizo za maua, akapanga nyumba Kihoto. Kihoto ilifurika 2020. Mwaka 2025 ziwa likarudi kwa nguvu, watu wakatolewa kwa boti kwa nyumba zao wenyewe, vyoo vimezama, viboko wanapita mahali watoto walikuwa wanacheza mpira. Mama yake alitoka na godoro na meko. Hii Qatar, kwa sehemu kubwa, ni ya kumtafutia nyumba mahali pa juu. Kwa hiyo nilipotaja Naivasha kwenye grupu alinyamaza siku mbili, na nikajiona mjinga. Unawezaje kumwambia mtu akajibambe kwa maji yaliyomfukuza mama yake?

Yeye ndiye alirudi na jibu. Akasema hilo ziwa limekuja kwao mara mbili bila kualikwa, na yeye hajawahi kulitembelea hata mara moja. Anataka kuliona kutoka katikati, kabla aende.

Basi ni Naivasha. Tumekodisha nyumba ndogo upande wa juu, mbali na maji, tutapika wenyewe. Tilapia tutanunua mjini, na kama tutampata tutajaribu pia yule kamba wa Louisiana, ambaye aliletwa ziwani 1970 na ameshinda wenyeji wote kwa kuzaana. Ndiyo Caribbean yetu imefika karibu zaidi. Jumamosi asubuhi ni boti, na nimemwambia mwenye boti mapema: jaketi za kuokolea kwa kila mtu, za kufungika, si zile za kuweka chini ya kiti kama pambo. Viboko hawajui umechanga tangu Machi.

Tutakuwa sita, si watano. Nilimpigia shosho tena jana usiku. Alikataa mara tatu, akasema magoti, akasema upepo, akasema boti ni ya vijana. Kisha akauliza kama hiyo boti ina kiti chenye mgongo, na nani analipa.

Nikamwambia ina kiti. Leo nimeshinda kwa simu nikitafuta boti yenye kiti.