Ravenna: sanaa na majengo ya kale

Ravenna ni mji wa kaskazini mashariki mwa Italia, karibu na Bahari ya Adria. Mwaka 402 Kaisari Honorius alihamishia hapa makao ya Dola la Roma Magharibi kutoka Milano, kwa kuwa vinamasi vilivyouzunguka mji viliwatatiza wavamizi. Baadaye ulitawaliwa na Wagoti, kisha na Bizanti kuanzia 540, hadi Walombardi walipouteka mwaka 751. Majengo yake manane ya karne ya 5 na ya 6 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1996.

Kwa nje mengi ya majengo hayo ni matofali matupu, na mwenye haraka hupita asigeuke. Fahari yake iko ndani, katika mozaiki. Mafundi walipachika vipande vidogo vya mawe na kioo kwenye lipu mbichi, vingine vikiwa vimefunikiza dhahabu nyembamba kati ya tabaka mbili za kioo. Walivilaza kwa mwinamo usiolingana, kila kimoja kirudishe mwanga kwa upande wake. Katika kaburi liitwalo la malkia Galla Placidia (yamkini hakuzikwa humo, maana alifia Roma mwaka 450) dari ni buluu iliyokolea, yenye nyota za dhahabu.

Kanisa la San Vitale, lenye pande nane, liliwekwa wakfu mwaka 547. Karibu na altare wanatazamana Kaisari Justinian na malkia Theodora pamoja na watumishi wao, ingawa hawakuwahi kuutembelea mji huu.

Lakini historia ya Ravenna husomeka wazi zaidi katika Sant'Apollinare Nuovo, kanisa la mfalme Theodoric wa Wagoti, aliyefuata mafundisho ya Ario, ambayo Kanisa liliyahesabu kuwa uzushi. Bizanti iliposhika mji, watu waliochorwa katika picha ya ikulu yake waling'olewa, mapazia yakapachikwa mahali pao. Kazi haikukamilika: mikono kadhaa ingali imeshikamana na nguzo, bila wenyewe.

Kaburi la Theodoric ni la mawe ya Istria, na paa lake ni jiwe moja lenye upana wa takriban mita 10. Mshairi Dante, aliyefukuzwa Firenze, alifariki Ravenna mwaka 1321 na kaburi lake lipo mjini hadi leo.