Kuirekebisha Linux Bila Kuizima

Jeff Arnold alikuwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, akisimamia seva waliyoitumia wenzake, kasoro ya usalama ilipotangazwa katika mfumo endeshi wa Linux. Kiraka cha kuiziba kilikuwa tayari, ila kukiweka kulitaka seva izimwe na kuwashwa upya, na watu walikuwa kazini. Akaona bora asubiri wikiendi. Mdukuzi hakusubiri.

Ndipo Arnold alipoanza kutafuta njia ya kukirekebisha kiini cha mfumo endeshi, yaani kerneli, huku kikifanya kazi. Wazo halikuwa geni: mitambo ya simu ilishabadilishiwa programu bila kukata mazungumzo ya watu. Lakini mitambo ile iliundwa hivyo tangu mwanzo. Linux haikuundwa hivyo.

Zana yake, Ksplice, ililinganisha kerneli ya zamani na mpya zikiwa tayari katika lugha ya mashine, ikachukua vipande vilivyobadilika tu na kuvipakia kwenye kumbukumbu. Kisha ilisimamisha kila kitu kwa muda usiofika milisekunde moja, ikahakikisha hakuna kazi inayoendelea ndani ya kipande cha zamani, na mwanzoni mwa kipande hicho ikapachika amri ya kurukia kipya. Cha zamani hubaki palepale, ila hakuna anayekipitia tena.

Arnold na profesa wake, Frans Kaashoek, waliijaribu kwa viraka 64 vya usalama vya miaka ya 2005 hadi 2008. Viraka 56 viliingia bila kuongezewa hata mstari mmoja. Vilivyobaki vilidai mkono wa mtu, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe: ukibadili umbo la data ambayo tayari imo kwenye kumbukumbu, mashine haijui ifanye nini na ile ya zamani.

Mwaka 2009 Arnold na wenzake watatu walifungua kampuni ya Ksplice. Oracle ikainunua Julai 2011, na wateja wapya waliotumia Linux ya kampuni ya Red Hat wakafungiwa mlango. Nadhani mlango ule ndio uliowasukuma wengine. Mwaka 2014 Red Hat ilitoa zana yake, kpatch, na kampuni nyingine ya Linux, SUSE, ikatoa kGraft. Ya kwanza ilisimamisha kazi zote kwa mkupuo, ya pili ilizivusha moja moja. Msingi wa pamoja wa zana hizo uliingia Linux 4.0, Aprili 2015, na mwaka 2017 toleo la 4.12 likaunganisha mbinu za pande zote mbili.

Hata hivyo, anayetaka kuhamia toleo jipya zima la kerneli bado huiwasha upya seva yake.