Tundu la Hewa

Mkaa ni kuni iliyonyimwa hewa. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huwasha moto, kisha huubana kwa siku kadhaa hadi maji na gesi zitoke na kaboni ibaki. Jiko la kubanikia nyama kwa moshi nalo hufuata kanuni hiyo hiyo: hewa kidogo huingia chini, moshi hutoka juu, na moto hukaa katikati bila kuwaka wala kuzimika. Anayejua kufungua na kufunga tundu la hewa amekwisha kujua sehemu kubwa ya kazi. Mimi natoka Igurwa, wilayani Karagwe, na kadiri ninavyosoma naona kwamba sehemu kubwa ya historia ya kwetu imepitia kwenye tundu hilo.

Swali la jiko lilikuja kwangu kupitia binamu yangu. Vijana wanaorudi likizo kutoka Dar es Salaam na Mwanza hawaridhiki tena na mishikaki ya haraka juu ya jiko la bati. Wameona kwenye simu jinsi watu wa Texas wanavyobanika kidari cha ng'ombe tangu usiku hadi mchana wa siku ya pili, nao wanataka kitu kama hicho nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Binamu akaniuliza achague jiko la aina gani. Alitaka jibu la fundi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia, kwa hiyo jibu langu linaanzia mbali.

Linaanzia kwenye chuma. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi Buhaya, jirani zetu wa upande wa ziwa, na wazee waliokumbuka ufuaji wa zamani wakajenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele yake. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science. Walieleza kwamba mafundi waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kukutana na mkaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu kiasi cha joto kilichopatikana kwa njia hiyo. Ambalo halina ubishi ni kwamba chuma kimefuliwa Kagera kwa karibu miaka 2,000, na kila jembe na kila mkuki ulianza na mti uliogeuzwa mkaa.

Hapa kwetu Karagwe chuma kilifika hadi ikulu. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, na Stanley alipofika mwaka 1876, walikuta ufalme uliohifadhi vyuma kama alama za enzi. Miongoni mwa alama hizo zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Ng'ombe ndio waliokuwa utajiri wa nchi, na moto wa mkaa ndio uliowapa umbo la kudumu.

Moshi nao ulikuwa na kazi zake. Ndani ya nyumba ya msonge, moto wa jikoni ulikausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Vyombo vya maziwa vilifukizwa ili maziwa yakae na yapate harufu nzuri. Ndizi za pombe ziliwekwa juu ya uchaga karibu na moto, au shimoni penye joto na moshi, ziive upesi. Neno "barbecue" lenyewe limetokana na neno la wenyeji wa visiwa vya Karibi, barbacoa, lililomaanisha uchaga wa miti unaowekwa juu ya moto. Kwa hiyo kinachoitwa utamaduni wa Texas, kwa umbo lake, bibi yangu angekitambua mara moja.

Angetambua pia jambo ambalo video hazionyeshi. Moshi ule ulikuwa na mtu wa kuuvuta. Aliyekaa karibu na mafiga kila siku, macho mekundu na kifua kikibana, alikuwa mwanamke, na mara nyingi alikuwa na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani huhesabu moshi wa jikoni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya mapema katika nchi kama yetu. Kuna moshi wa hiari na kuna moshi wa lazima. Anayebanika nyama Jumamosi anachagua moshi wake. Bibi hakuchagua.

Msitu pia haukuulizwa. Wakoloni walipopandikiza sangara katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, hawakufikiria kuni. Samaki wadogo wa asili walianikwa juani tu. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi, jua halimwezi, hivyo alipojaa ziwani miaka ya 1980 ilibidi akaangwe au abanikwe kwa moshi, na miti ya pwani za ziwa ikaingia motoni. Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na makambi yakafunguliwa Karagwe pia. Watu waliokimbia kifo walihitaji kupika, na vilima vilivyozunguka makambi vikabaki na visiki. Siwalaumu. Nasema tu kwamba kwetu, miti hukatwa kwa uamuzi wa watu walio mbali zaidi ya yule anayeshika shoka.

Sasa narudi kwa binamu. Majiko yanayouzwa ni ya namna nyingi, lakini yote yanajaribu kutatua tatizo moja. Mwaka 1952 George Stephen, mfanyakazi wa karakana ya vyuma ya Weber karibu na Chicago, alikata boya la chuma katikati, nusu ikawa bakuli na nusu ikawa kifuniko chenye matundu ya hewa. Miaka thelathini hivi baadaye Wakenya walibuni jiko lenye kiuno na kikombe cha udongo ndani ya bati, wakifuata mfano wa Thailand, na likapunguza mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Mmoja alifunika moto, wengine waliuvisha udongo. Jiko zuri la moshi hufanya yote mawili.

Kwa hiyo nilimshauri pipa la lita 200, lenye kifuniko kinachoziba vizuri, tundu la hewa chini linaloweza kufungwa, na tundu la moshi juu. Lisiwe limebeba dawa za mimea. Lisiwe la bati lenye zinki, maana zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Rangi ya ndani iunguzwe yote kabla ya nyama kuingia. Chini kuzungushwe matofali au udongo wa kutunza joto. Nyuzi 110 hadi 135 zinatosha. Ng'ombe wetu hutembea sana na nyama yao ni ngumu, lakini kwa joto dogo la saa nyingi mishipa na kano hugeuka utelezi na nyama hulainika. Ikianza kukauka, ifungwe kwa jani la mgomba lililobabuliwa. Kwa harufu, atupie vipande vikavu vya matawi ya mibuni yaliyopogolewa, aache mikaratusi na misonobari. Moshi mweupe mzito ni dalili ya moto unaokosa hewa, nao huacha uchungu kwenye nyama. Asubiri moshi mwembamba.

Na mkaa? Kwa tanuri la udongo, kilo moja hula kilo tano hadi kumi za kuni. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Misitu iliyobaki kwetu imekuwa hifadhi za taifa tangu 2019, na mojawapo ina jina la Rumanyika. Itakuwa ajabu kama akina mama wataachana na moshi jikoni, halafu vijana wao wasomi waurudishe uwanjani kwa mkaa usiojulikana ulikotoka.

Nilimwambia binamu kwamba pipa linaloziba vizuri ndilo la bei nafuu hata kama fundi atadai zaidi, kwa sababu litakula kilo chache tu kwa mchana mzima. Pia nilimwambia alichome mbali na dirisha la mama yake, na kabla ya kununua gunia aulize ulikatwa mti gani. Hilo la mwisho aliliona gumu kuliko kutoboa pipa.