Nukta ya Ibn Muqla

Mwaka 938, mjini Baghdad, waziri Abu Ali Muhammad bin Ali, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ibn Muqla, alikatwa mkono wake wa kulia. Alikuwa amekwisha kushika uwaziri mara tatu, chini ya makhalifa watatu: Al-Muqtadir, Al-Qahir na Ar-Radhi. Kosa lake lilikuwa la siasa. Alikuwa akipanga kumwangusha Ibn Raiq, amiri aliyezishika hatamu zote za dola na kumwachia khalifa jina tupu, na siri yake ikamfikia yule yule aliyekusudiwa asiijue.

Imepokewa kwamba Ibn Muqla aliulilia mkono huo kama mtu anayemlilia maiti wake. Mkono ulioinakili Qurani mara mbili na kuwatumikia makhalifa, umekatwa kama mkono wa mwizi. Wapokezi husema pia kwamba alikifunga kigutu kwa kalamu akaendelea kuandika. Baadaye alikatwa na ulimi. Alifia gerezani mwaka 940, na hata hapo hakuachwa: mwili wake ulifukuliwa na kuhamishwa, akawa amezikwa mara tatu, idadi ile ile ya uwaziri wake.

Mambo ya uwaziri wake leo yanawashughulisha wanahistoria wachache. Kinachomfanya atajwe bado, kila mahali panapofundishwa khati ya Kiarabu, ni kipimo kidogo kuliko punje ya mtama.

Kabla yake misahafu iliandikwa kwa khati za pembepembe ambazo kwa jumla huitwa Kufi, nzito, zenye haiba ya jengo. Makarani wa diwani walikuwa na miandiko yao mingine ya mviringo na ya haraka, iliyofaa barua, hesabu na hati za kodi. Ibn Muqla mwenyewe alianza kazi katika ukusanyaji wa kodi huko Fars. Miandiko hiyo ilikuwa mingi, na kila karani aliifuata kwa mazoea ya mkono wake. Kazi inayonasibishwa na Ibn Muqla ni kuitia sheria hiyo miandiko ya makarani, hata ikastahili kubeba maneno matukufu. Khati iliyopatikana iliitwa al-khatt al-mansub, yaani khati yenye nisba, ambayo kila herufi yake ina uwiano unaojulikana na herufi nyingine.

Sheria yenyewe inaanza na nukta. Kalamu ya tete huchongwa, ncha yake ikakatwa bapa. Mwandishi akiiweka ncha hiyo karatasini kwa mshazari na kuivuta kidogo, hupatikana umbo la pembe nne lililosimama kwa pembe yake moja. Hiyo ndiyo nukta, na ndiyo rula ya mwandishi. Nukta zikipangwa moja juu ya nyingine, ncha kwa ncha, hupatikana urefu wa alifu. Alifu ikifanywa kipenyo, hupatikana duara. Humo ndani ya duara zimo herufi zote: re ni robo ya mzingo wake, nuni ni nusu, be ni alifu iliyolazwa na kuinuliwa kichwa. Waswahili wakitaka kusema mtu hajui kitu, husema hajui hata alifu kwa kijiti. Kwa ustadi huu wa Baghdad, aijuaye alifu vizuri amekwisha kuzishika herufi nyingine nusu yake.

Ubora wa kipimo hiki ni kwamba hakitoki nje. Karne sita baadaye, mwaka 1525, Albrecht Dürer wa Nürnberg alichapisha kitabu cha upimaji ambamo herufi za Kirumi zimechorwa ndani ya miraba kwa rula na bikari, na kabla yake, mwaka 1509, Luca Pacioli alikuwa amefanya jambo la namna hiyo huko Venezia. Michoro yao ni mizuri, lakini mwanafunzi wao anahitaji vyombo. Mwanafunzi wa Ibn Muqla anahitaji kalamu aliyokwisha kuishika. Akichonga kalamu nene, nukta inanenepa na alifu inarefuka pamoja nayo. Akichonga nyembamba, vyote hupungua kwa hesabu ile ile. Neno laweza kuandikwa juu ya lango la msikiti au pembeni mwa barua, na uwiano wake usibadilike.

Idadi ya nukta haikubaki moja. Katika mafunzo ya leo alifu ya thuluthi kwa kawaida hupewa nukta 7, na ya naskhi nukta 5, na wako mabingwa wenye hesabu zao. Karatasi za mazoezi huonyesha herufi moja moja, na pembeni mwake nukta zimepangwa kama vijiwe vya bao, kuonyesha shingo inafika wapi, tumbo linashuka kiasi gani, mkia unaishia wapi. Mwanafunzi hurudia herufi moja kwa siku nyingi. Baada ya herufi pekepeke huja herufi mbili mbili zilizoungana, na hapo ndipo taabu inapoanza upya, kwa sababu herufi iliyokuwa sawa ilipokuwa peke yake huweza kuharibika ikipata jirani.

Yafaa kutenganisha uwiano na ulinganifu, kwa kuwa wanaoanza huvichanganya. Herufi za Kiarabu kwa maumbile yake hazina pande mbili zinazofanana kama mabawa ya kipepeo. Alifu ya thuluthi ina kichwa juu na imeinama kidogo chini. Nuni, ingawa hutajwa kuwa nusu duara, ikichorwa kwa bikari hukaa karatasini kama sufuria, na jicho huikataa. Mwandishi hodari huusogeza kidogo ule upande wa ndani zaidi wa tumbo lake, kisha akaacha mkia uinuke. Ulinganifu hutafutwa katika mstari mzima, kwa jinsi weusi wa wino unavyogawana na weupe wa karatasi, kikombe kimoja kikijibiwa na kingine mbali kidogo. Kipimo kinamlinda mwandishi asipotee, na baada ya hapo jicho ndilo linaloamua.

Washairi wangepaswa kuijua zaidi risala moja iliyoandikwa huko Basra katika karne hiyo hiyo ya 10. Waandishi wake walijiita Ikhwan as-Safa, nao walitunga risala zaidi ya 50 juu ya elimu zote za zama zao. Habari za uwiano wa herufi hawakuziweka mahali pa ufundi wa karatasi na wino. Waliziweka ndani ya risala ya muziki, karibu na maneno yao juu ya nyuzi za udi na juu ya arudhi, elimu ya vipimo vya mashairi. Kwao, sauti tamu, beti lililosimama na herufi nzuri ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo ni nisba. Wanataja alifu ambayo unene wake ni sehemu moja ya nane ya urefu wake.

Mtu aliyelelewa na tenzi atasimama kidogo kwenye hiyo nane. Kipande cha utenzi kina mizani 8. Haifai kusema kwamba hesabu moja imetoka kwa nyingine. Arudhi ya Kiarabu hupima silabi ndefu na fupi, na mizani ya Kiswahili huhesabu silabi tu, na hizo ni njia mbili tofauti. Lakini neno letu ni mizani, chombo cha sokoni, na walichokuwa wakikisema watu wa Basra hakiko mbali na hapo.

Mtu aliyeionyesha nguvu ya kipimo hiki, na pia hatari yake, ni Ali bin Hilal, aliyeitwa Ibn al-Bawwab, mwana wa bawabu. Alianza maisha kwa kupamba nyumba kwa rangi, akaingia katika kupamba vitabu, ndipo akafika kwenye khati. Kisa chake kimehifadhiwa na Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia na mwandishi wa wasifu wa wanafasihi. Ibn al-Bawwab alikuwa mtunza maktaba ya mtawala Baha ad-Dawla mjini Shiraz. Siku moja aliona juzuu ya Qurani kwa mwandiko wa Ibn Muqla. Akatafuta nyingine, rafu kwa rafu, hata akapata juzuu 29. Ya 30 haikuonekana.

Mtawala alisikitika. Ibn al-Bawwab akasema ataiandika iliyopotea, na kama mtawala hataweza kuitambua baina ya nyingine, ampe joho la heshima na dinari 100. Akaingia maktabani akatafuta karatasi kuukuu inayofanana na ile ya juzuu nyingine, akaandika, akatia dhahabu na kuifubaza ionekane ya zamani, kisha akavua jalada la juzuu moja na kuivisha mpya. Ulipita karibu mwaka. Baha ad-Dawla alipokumbuka ahadi akaletewa juzuu zote 30, akazipekua moja baada ya moja, akashindwa. Zawadi ikacheleweshwa, kama ilivyo desturi ya wakubwa. Mwishowe Ibn al-Bawwab aliomba badala yake apewe karatasi nyeupe za Kichina zilizokuwa maktabani, akapewa, akaziandikia kwa miaka.

Kisa hiki husimuliwa kwa kumsifu Ibn al-Bawwab, na sifa anazistahiki. Lakini kina upande wa pili. Mkono uliokatwa mwaka 938 ulikuwa umekwisha kuacha sheria iliyo wazi kiasi kwamba mtu mwingine, kizazi cha baadaye, aliweza kuutoa tena ukiwa hai. Amri ya kukata haikuufikia mwandiko. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mwandiko amepotea. Leo hakuna karatasi hata moja ambayo wataalamu wote wanakubaliana kwamba ni ya Ibn Muqla. Wapo hata wanaoona kwamba sifa ya khati inamstahiki zaidi ndugu yake, Abu Abdallah, aliyefariki mwaka 949, na kwamba umaarufu wa waziri ulimmeza karani. Kitu kinachoweza kufundishwa kikamilifu huweza kuigwa kikamilifu, na kinachoigwa kikamilifu hakimtaji tena aliyekianza.

Ibn al-Bawwab amebahatika zaidi. Msahafu wake wa mwaka 391 wa Hijria, yaani 1000 au 1001, ulioandikwa Baghdad, umehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin. Ni kitabu kidogo, cha kushikwa mkononi, na naskhi yake ni nyepesi kusomeka. Baada yake alikuja Yaqut al-Mustasimi, asiyechanganywa na yule mwanajiografia, ambaye aliikata ncha ya kalamu kwa mshazari zaidi na kuipa khati wembamba na unene wenye uhai. Alifariki mwaka 1298, akiwa ameiona Baghdad ikiangushwa na Wamongoli mwaka 1258.

Pwani ya Afrika Mashariki haikungoja khati hiyo ya mviringo ili ijue kuandika kwa kipimo. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, mihrabu imezungukwa na Kufi ya maua iliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Wima za herufi zimeinuka kwa urefu uliopimwa, na nafasi kati yake zimejazwa vikonyo na majani. Msikiti umejengwa upya baadaye; maandishi yamebaki.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, wanakili wa karne ya 18 na ya 19 walitengeneza misahafu ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Aliyezoea naskhi ya Istanbul ataiona hati ya Siyu kuwa nzito, na huenda akaharakisha kusema haina sheria. Inayo, ila ni sheria yake.

Tenzi nazo ziliwekwa karatasini kwa mpango wa macho. Katika nakala nyingi za zamani za hati ya Kiarabu, ubeti mzima umekaa katika mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana kutoka kulia kwenda kushoto, vikitengwa kwa alama ndogo. Mistari ikipangwa chini kwa chini, vipande vinajitengenezea safu nne, na vina vya mwisho vinasimama pembeni mwa ukurasa kama boriti. Anayepitisha jicho juu ya safu hiyo huona mara moja palipopungua neno. Baada ya chapa ya Kirumi kuenea na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, tenzi zilivunjwa zikawa mistari minne iliyobebana, na sura ile ya safu ikabaki kwa wachache wanaofungua hati zenyewe.

Wanakili wa tenzi walikuwa na uwezo ule ule wa Ibn al-Bawwab. Mdudu akila kipande, mizani ilimwambia mnakili zimekosekana silabi ngapi, na kina kilimwambia ziishe vipi. Aliyekuwa mshairi, na wengi walikuwa washairi, aliweza kuziba pengo pasiwe na alama ya kiraka. Aliweza pia kuongeza ubeti wake mwenyewe. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia katika nakala ambazo idadi ya beti zake hazilingani, na wahariri waliozipanga kwa ajili ya chapa wamelazimika kuamua, ubeti kwa ubeti, upi ni wa Sayyid na upi ni wa mtu aliyeijua mizani kama yeye.