Gharama ya kusafirisha mifugo kutoka kaskazini mwa Kenya hadi Nairobi

Mji wa Moyale, ulio kwenye mpaka wa Kenya na Ethiopia, uko takriban kilomita 800 kutoka Nairobi. Ng'ombe na mbuzi wanaouzwa katika minada ya huko, pamoja na ya Marsabit na Isiolo, husafirishwa kwa malori hadi machinjio ya Nairobi, yakiwemo ya Dagoretti na Kiamaiko.

Kabla ya barabara ya Isiolo hadi Moyale kutiwa lami katika muongo uliopita, safari hiyo iliweza kuchukua siku mbili au tatu, na zaidi wakati wa masika. Sasa humalizika kwa takriban siku moja, na mifugo hufika bila kupoteza uzito mwingi.

Hata hivyo, lori hukodiwa kwa safari, si kwa idadi ya vichwa. Tuseme nauli ni shilingi 60,000 za Kenya: wakipakiwa ng'ombe 20, kila mmoja hugharimu shilingi 3,000, wakiwa 15, gharama hupanda hadi 4,000. Hapo ndipo hutokea kishawishi cha kuwabana. Ng'ombe anayeanguka hukanyagwa na wenzake, na mzoga mmoja hufuta akiba yote iliyotarajiwa. Kwa sababu hiyo wapo vijana wanaosafiri pamoja na mifugo ili kuwainua walioanguka. Nauli hupungua iwapo lori lilipeleka bidhaa kaskazini na lingerudi tupu.

Zipo pia gharama za kibali cha daktari wa mifugo na ushuru wa kaunti. Dizeli nayo, ambayo bei yake hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, ilipanda kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023.

Anayetoa fedha hizo mkononi ni mfanyabiashara, lakini mzigo humwangukia mfugaji. Mnunuzi huanza na bei ya Nairobi, akaondoa nauli, ushuru na faida yake. Kinachosalia ndicho anachomlipa mwenye ng'ombe. Wakati wa ukame, bei ya mnyama aliyekonda hushuka ilhali nauli haishuki hata senti. Katika ukame uliofuatia kukosekana kwa mvua kwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Serikali ilinunua baadhi yao kupitia Tume ya Nyama ya Kenya, lakini wafugaji walio mbali na lami walilazimika kwanza kuwatembeza wanyama dhaifu hadi kituo cha kununulia.