Pia iliyotua Titan

Mtoto anayecheza pia anajua jambo ambalo wahandisi wa vyombo vya angani hulitegemea hadi leo: ikizunguka kwa kasi husimama wima, ikichoka, huyumba na kulala. Ujuzi huohuo ndio uliokifikisha chombo cha Huygens kwenye Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali.

Huygens, kazi ya Shirika la Anga la Ulaya, kilirushwa Oktoba 1997 kikiwa kimebebwa ubavuni mwa Cassini, chombo cha Marekani. Safari ilichukua miaka saba. Desemba 25, 2004 springi zikakisukuma kwa upole, huku zikikizungusha mara saba na ushei kwa dakika. Basi, kikaachwa. Hakikuwa na injini ya kujirekebisha, na hakuna aliyeweza kukielekeza kutoka duniani. Kwa siku 20 kilielea kimelala, saa za kukiamsha tu ndizo zikifanya kazi. Mzunguko ule pekee ndio uliotegemewa kuifanya ngao yake ya joto, yenye upana wa mita 2.7, ibaki imetazama mbele. Kingefika kimegeuka, kingeungua, maana kilikuwa kinakwenda kilomita sita kwa sekunde. Ni sawa na mtu kuivurumisha pia, akaenda zake kulala wiki tatu, akitumaini kuikuta bado imesimama.

Akaikuta. Januari 14, 2005 Huygens kiliingia sawasawa kwenye hewa nzito ya Titan, na miavuli ikafunguka. Kioja kikaanzia hapo. Wahandisi walikuwa wamekizungushia mapezi madogo 36, ili hewa iendelee kukizungusha upande uleule na kamera yake ione pande zote. Badala yake kasi ikapungua, ikaisha kabisa, kisha chombo kikaanza kuzunguka kinyume, na kikaenda hivyo hadi chini!

Jibu lilichukua zaidi ya miaka kumi. Majaribio ya upepo yaliyofanywa maabara nchini Ufaransa yalionyesha kuwa vifaa vilivyochomoza nje ya chombo viliishinda nguvu ya mapezi. Kwa bahati, kosa hilo lilijitokeza wakati miavuli imekwisha kuubeba mzigo. Baada ya saa mbili na nusu za kushuka, Huygens kilitua kikiwa kizima, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, kikaendelea kutuma taarifa kwa zaidi ya saa moja. Hadi leo hakuna chombo kilichotua mbali zaidi na dunia.